Gari inakaa siku nne kwa kazi ya asubuhi moja: vile tulipunguza kungojana gereji kwetu Nakuru

Niko na gereji ndogo hapa Nakuru, upande wa Shabab, mafundi watano na kijana mmoja wa kukimbia spea. Kuna Probox ilikuja Jumatatu klachi imeisha, kazi ya asubuhi moja hiyo, ikatoka Ijumaa. Mwenyewe anabeba mboga kutoka Njoro kila siku, kwa hivyo kila siku gari imesimama ni pesa yake inapotea, na akaniuliza mbele ya watu, "Mkubwa, hizo siku zote mlikuwa mnafanya nini?" Sikuwa na jibu. Mafundi wangu si wavivu, wanaingia saa moja na wanatoka giza. Nikikumbuka vizuri ile gari iliguswa mara mbili tu, zile siku zingine ilikuwa inangoja mtu: inaningoja nipige hesabu, inamngoja mteja aseme sawa, inangoja spea itoke Kirinyaga Road Nairobi, alafu imeisha lakini inangoja malipo yaonekane.

Kwanza nilikimbilia programu ya gereji ya kulipia kila mwezi, iko na kila kitu, hadi grafu. Mafundi waliijaza siku tatu wakaacha. Mtu mikono yake imejaa grisi hawezi jaza kurasa nne. Hii ninawaonyesha hapa ni ya bure, inatumia Google Forms (fomu ya kujaza kwa simu) na Google Sheets (shiti ya hesabu), na mekanika anaijaza kwa sekunde kumi.

Hatua ya kwanza: tembea na gari moja

Kompyuta wacha kwanza. Chukua kaunta buku, chagua gari moja inaingia leo, andika kila mahali inasimama mpaka itoke. Mimi nilipata vituo nane: Imeingia, Imekaguliwa, Kwotesheni imetumwa (ile bei unamtumia mteja), Mteja amekubali, Spea zimeagizwa, Spea zimefika, Kazi imeisha, Imetoka. Wewe kama uko na duka la kushona yunifomu ama la welding vituo vyako vitakuwa vingine lakini nakuhakikishia "mteja amekubali" itakuwa hapo ndani, na hapo ndo siku zinapotelea. Usizidishe nane. Ukiweka kumi na tano hakuna mtu atajaza.

Hatua ya pili: kila kazi iwe na namba yake

Nilianza na namba ya gari, nikajuta. Fundi mmoja anaandika namba na nafasi katikati, mwingine bila nafasi, kwa kompyuta hizo ni gari mbili tofauti. Alafu gari ikirudi baada ya miezi mitatu historia yake inachanganyikana na ya zamani. Sasa tunatumia namba ya jobu, 101, 102, 103, imeandikwa kwa karatasi na kubandikwa kwa kioo cha mbele ndani.

Hatua ya tatu: fomu

Fungua Google Forms, weka maswali matatu tu. Namba ya jobu, na hapo uiwekee sharti ikubali tarakimu peke yake. Hatua, iwe orodha ya kuchagua yenye vile vituo vyako nane. Jina la anayejaza, pia orodha. Saa hauulizi mtu, fomu inajiandikia yenyewe kila mtu akituma, na hapo ndo utamu wa hii kitu uko kwa sababu hakuna mtu atakudanganya gari iliingia lini.

Unganisha fomu na shiti. Kabla magari yaanze kuingia nenda kwa mipangilio ya shiti uweke saa za Nairobi, GMT+3, la sivyo utaona gari imeingia gereji saa tisa usiku na uanze kushuku walinzi bure. Hapo hapo kwa mipangilio kuna sehemu ya hesabu, iweke ijisasishe kila saa ama kila dakika.

Simu ya kujaza tulinunua moja ya bei rahisi, iko ndani ya mfuko wa plastiki, imefungwa kwa ukuta karibu na boksi ya spana. Fomu iko kwa skrini ya kwanza. Netiweki ikipotea mnaandika kwa kaunta buku na mnajaza baadaye, saa itakuwa imeteleza kidogo lakini si kitu.

Hatua ya nne: ubao

Lile ukurasa majibu yanaingia lipe jina Fomu. Fungua ukurasa mwingine kwa shiti hiyo hiyo, uite Ubao. Mstari wa kwanza andika vichwa: Jobu, Tangu, Iko wapi, Masaa. Alafu kwa kisanduku cha A2 (safu ya A, mstari wa pili) weka hii:

=UNIQUE(FILTER(Fomu!B2:B,Fomu!B2:B<>""))

B2:

=IF(A2="","",MAXIFS(Fomu!A:A,Fomu!B:B,A2))

C2:

=IF(A2="","",INDEX(FILTER(Fomu!C:C,Fomu!B:B=A2,Fomu!A:A=B2),1))

D2:

=IF(OR(A2="",C2="Imetoka"),"",(NOW()-B2)*24)

A2 inajishukia yenyewe, hizo zingine tatu zivute chini mistari mia mbili hivi. B iwe tarehe na saa, D iwe namba ya kawaida, ukisahau D itakuonyesha tarehe ya mwaka wa 1900 na ushtuke. Sasa ukiangalia Ubao unaona kila gari imekwama wapi na kwa masaa mangapi. Masaa ya usiku yanahesabiwa pia. Niliacha hivyo makusudi, kwa mteja usiku pia ni kungoja hata kama gereji imefungwa.

Ongeza rangi: chagua A2 mpaka D, fungua masharti ya rangi, weka fomula =AND($C2="Kwotesheni imetumwa",$D2>3) iwe nyekundu kwotesheni ikipitisha masaa matatu bila jibu. Ukitaka rangi ya spea zilizochelewa unaongeza sharti lingine.

Hatua ya tano: jibu la mteja

Baada ya wiki mbili ubao wetu ulikuwa mwekundu mahali pamoja, kwotesheni. Nilikuwa nadhani wateja ni wagumu, kumbe ni ujumbe wangu. Nilikuwa natuma PDF yenye mistari kumi na mbili, mtu ako kazini, anasema ataisoma jioni, jioni anasahau, kesho nampigia hashiki.

Sasa kwa WhatsApp Business niko na jibu la haraka lililohifadhiwa, naandika tu alama ya mkwaju na neno "kwote" inakuja, najaza bei. Inaenda hivi: picha ya spea iliyoisha kwanza, alafu "Habari, gari yako tumeiangalia. Klachi imeisha kama unavyoona. Spea na kazi jumla ni hii. Jibu 1 tuendelee, jibu 2 tungoje. Ukijibu 1 kabla ya saa nane spea inapanda gari ya leo jioni kutoka Nairobi, baada ya hapo ni kesho." Ile ya saa nane ni ukweli si kutisha mtu, parseli za Nairobi ziko na saa zake, na Nairobi ni karibu kilomita 160 kutoka hapa, huwezi tuma mtu kwa kila spea. Tangu niweke hiyo saa watu wanajibu wakiwa kwa kiti cha matatu.

Hatua ya sita: kikumbusho

Hii inakutumia barua pepe yenye orodha ya jobu ambazo mteja hajajibu kwotesheni. Kwa shiti fungua menyu ya Extensions, ingia Apps Script, futa kilichoko ubandike hii:

function kumbusha() {
  var m = SpreadsheetApp.getActive().getSheetByName("Ubao").getRange("A2:D").getValues();
  var ujumbe = "";
  m.forEach(function(r) {
    if (r[2] == "Kwotesheni imetumwa" && r[3] > 3) {
      ujumbe += "Jobu " + r[0] + ", masaa " + Math.round(r[3]) + "\n";
    }
  });
  if (ujumbe) MailApp.sendEmail(Session.getEffectiveUser().getEmail(), "Wanangojewa", ujumbe);
}

Hifadhi, iendeshe mara moja, itakuuliza ruhusa, kubali. Alafu kwa alama ya saa upande wa kushoto weka iendeshwe kila siku asubuhi, na ya pili saa sita mchana. Haitafika dakika kamili uliyotaka, Google wanachagua ndani ya lile saa, lakini inafika. Akaunti ya kawaida ya Gmail inaruhusu barua pepe 100 kwa siku kwa njia hii kwa hivyo hazitakuishia.

Hatua ya saba: usijaze yadi

Hii haina programu lakini ubao ndo ulinionyesha. Kuna hesabu moja mwalimu wa chuo anaitwa John Little aliithibitisha mwaka wa 1961: vitu vilivyo ndani gawanya kwa vinavyotoka kwa siku, unapata siku ambazo kila kimoja kinakaa kwa wastani. Nilikuwa na magari 24 yadi, tunatoa 4 kwa siku. Siku sita! Hata fundi angekuwa malaika. Nilikuwa nafurahi yadi ikijaa naona ni biashara, kumbe najipangia malalamiko. Sasa Ubao ukifika magari 12 ambayo hayajatoka nampa mteja siku, "leta Alhamisi asubuhi", na gari yake anaendelea kuitumia mpaka hiyo Alhamisi. Wengine wanakasirika wanaenda kwa jirani. Wengi wanarudi.

Malipo nayo yalikuwa rahisi hadi aibu. Simu ya tili ya M-Pesa ilikuwa mfukoni mwangu, mteja akilipa nikiwa matanga gari haitoki mpaka nipatikane. Nikaiacha kaunta.

Kitu cha mwisho, kwa Ubao tusiweke majina wala namba za simu za wateja, kwa sababu linki wako nayo mafundi wote na inatembea, na Kenya tuko na sheria ya kulinda data ya mwaka wa 2019. Namba ya jobu inatosha, jina na simu ziko kwa shiti ingine ambayo naifungua mimi na dada wa kaunta pekee. Linki ya Ubao wape ya kuangalia tu, kuna siku fundi alifuta A2 akijaribu kufunga skrini na nikakaa nusu saa nikifikiria magari yote yameibwa.