Unga laini bila kusaga: gandisha, kausha, anza na maji ya chumvi

Watu wengi wakitaka unga laini wa maabara wanakimbilia kinu, wanasaga weee, mwisho chembe zinatoka kubwa na ndogo zimechanganyika, na uchafu wa kinu humo humo. Kama una friza draya (mashine inayotoa hewa ili barafu igeuke mvuke bila kuyeyuka) na naitrojeni ya kimiminika achana na kinu. Ila ujue ulaini unaamuliwa wakati wa kugandisha, kukausha kazi yake ni kuulinda tu.

Jizoezee na chumvi ya kawaida. Pima gramu 20, yeyusha kwenye maji safi ya maabara mpaka ujazo ufike lita 1. Usiwe na tamaa ya kuongeza, mmumunyo ukiwa mzito chembe zinashikana unapata mabonge.

Sasa kugandisha, hapa ndo pa kutulia. Ukimwaga kwenye trei ukaweka friza ya nyumbani, barafu inajijenga polepole na inaisukuma chumvi pembeni inakuwa kuta nene, halafu friza ya nyuzi hasi 18 haiwezi hata kumaliza kazi maana maji ya chumvi hayagandi yote mpaka yapite hasi 21, kwa hiyo ndani kunabaki majimaji, ukiwasha vakyumu (pampu ya kutoa hewa) yanatoa povu na mzigo wote umeharibika. Ndo maana tunapulizia kwenye naitrojeni, nyuzi hasi 196. Chukua chupa inayotoa ukungu mwembamba, pulizia kidogo kidogo huku unakoroga, kwa sababu matone yanaelea kwanza, yanakimbiakimbia juu kama maji kwenye kikaango cha moto, gesi imeyabeba kwa chini, na usipokoroga yanaungana kabla hayajaganda. Tone dogo linaganda chap, barafu ndani yake inakuwa vipande vidogo na chumvi iliyobanwa katikati inabaki nyembamba.

Jamani fungueni madirisha. Lita 1 ya naitrojeni ikichemka inatoa karibu lita 700 za gesi, haina harufu, inafukuza hewa unayopumua. Vaa miwani na glovu za baridi, na chombo chake usikifunge kabisa, kitapasuka.

Poza trei kabla, rafu za mashine ziwe hasi 40 au chini zaidi, tandaza punje, yaani yale matone yaliyoganda, unene usizidi sentimita 1. Subiri naitrojeni iishe yote ndo uwashe pampu. Shusha presha mpaka milibari 0.1 hivi, halafu pandisha joto la rafu taratibu sana, na muda wote ambao barafu ipo punje zisizidi hasi 25. Ukiona joto la punje linapanda lenyewe kulifuata la rafu, barafu imekaribia kuisha. Kuhakikisha, funga kwa muda mfupi vali ya kwenda kwenye kondensa, sehemu ya baridi inayonasa mvuke: presha ikipanda haraka bado kuna maji, vumilia. Baada ya hapo peleka nyuzi 25 mpaka 30 uache masaa kadhaa, kuna unyevu unaong'ang'ania.

Kufungua ruhusu hewa kavu iingie polepole maana unga ni mwepesi unapeperuka, na vaa barakoa. Utakuta punje bado zina umbo la tone, nyeupe, zina matundu, ukiigusa moja kwa kidole inasambaratika. Pitisha kwenye chekecheo, usitwange. Weka haraka kwenye chupa kavu yenye silika jeli (vidonge vya kunyonya unyevu), kwani unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 chumvi inaanza kuloa, na huku pwani hiyo ni hali ya kawaida.

Njia hii hii watu wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu kule Marekani, waliitumia miaka ya 1960 kutengeneza unga wa seramiki, wanakausha chumvi za metali halafu wanazichoma. Ila ukibadilisha kitu usibebe namba za chumvi, tafuta kwanza joto lake la kulegea, yaani pale mzigo ulioganda unapoanza kulainika. Sukari ya mezani kwa mfano haitengenezi fuwele ikigandishwa haraka, inakuwa kama kioo, na ikipita hasi 32 hivi wakati barafu bado ipo inanywea na kunata kwenye trei.