Mercedes ya zamani yenye imelala mu parseli: bei unaitoa hivi

Fundi moja wa tole (karosri ya motokari) wa huku Lubumbashi njo alinionyesha. Kama unaona Mercedes W123 (ile ilianza kutoka 1976) ao Peugeot 404 imelala myaka mu parseli ya mutu, usianze kuuliza mwenyeyo anataka ngapi, anza na bei ya ile ile modele yenye inatembea muzuri mu muji, utoe kazi ya tole, moteri, pineu, karte roze (karatasi ya motokari) kama ilipotea, kisha upunguze tena kidogo juu ya vyenye haujaona, bei yako njo iyo. Tole njo inakulaka franga kabisa, moteri makanika atapambana nayo lakini kutu ya chini haiishake. Njo maana beba sumaku mu kitambaa, pitisha chini ya milango na juu ya pineu, fasi yenye haishike ni mastike (ile wanapakaka kuziba fasi yenye kutu ilikula), kutu iko chini yake, hesabu yote. Ku Land Rover za zamani haisaidie, karosri yao ni aliminiumu, pale ingia chini ugonge shasi na nyundo kidogo. Na kama mu muji hamuna ingine ya kulinganisha, ii hesabu haina pa kuanzia.