Kuandaa televisheni ya nyumbani kwa Netflix na YouTube, Unguja na Pemba

Wengi wetu hununua televisheni kwanza na intaneti huifikiria baadaye, ndipo filamu inapoanza kukatika kila baada ya dakika chache na lawama zote zikaishia kwenye televisheni. Kabla ya kutoa fedha Darajani au Chake Chake, pima intaneti mahali penyewe ambapo televisheni itakaa. Simama hapo na simu iliyounganishwa na ruta ya nyumba, yaani kifaa kinachosambaza intaneti, fungua tovuti ya fast.com, ambayo ni ya Netflix wenyewe, na usome kasi inayoonekana. Rudia kipimo hicho usiku baada ya sala ya Isha, kwa kuwa wakati huo majirani nao wamo mtandaoni, na kasi uliyoipata asubuhi haitakusaidia saa ya kutazama. Netflix hupendekeza megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya HD (720p), 5 kwa HD kamili (1080p) na 15 kwa picha ya 4K, iliyo safi kuliko hizo. Kipimo cha usiku kikiwa chini ya 15, usiongeze fedha kwa ajili ya televisheni ya 4K ukitarajia mtandao utaijaza.

Anayeishi Mji Mkongwe ana jambo la kuzingatia zaidi, nalo ni kuta. Nyumba za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake ni nene mno, na vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Kwa hiyo ruta na televisheni mara nyingi huwa katika vyumba viwili tofauti, na ukuta mzito uko baina yao. Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 5, yenye kasi kubwa lakini hudhoofika upesi yanapokutana na ukuta, na ya gigahezi 2.4, yenye kasi ndogo lakini hupenya zaidi. Jaribu yote mawili. Kama ruta yako inatumia laini ya simu, mahali pake ni dirishani au ghorofa ya juu, hata kama televisheni iko chini, kisha upitishe waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi nyuma ya televisheni kwa njia ya mlango au ngazi, bila kuutoboa ukuta wa kale. Mimi naupendelea waya huo kuliko dawa nyingine yoyote, maana ukishawekwa vizuri haujali unene wa ukuta.

Televisheni isiyo na intaneti ndani yake haina haja ya kutupwa, mradi ina tundu la HDMI, lile la kupokelea picha na sauti kwa pamoja. Kifaa kidogo cha kuchomeka, kama vile Fire TV Stick ya Amazon, kinatosha. Kiunganishe na umeme wa ukutani kwa chaja yake, kwani tundu la USB la televisheni mara nyingi halitoi nguvu ya kutosha na kifaa hujizima katikati ya kipindi. Jihadhari na visanduku vya Android vya bei ya kutupa visivyojulikana mtengenezaji wake. Juni 2025, FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilitahadharisha kwamba vifaa vya namna hiyo hukutwa vimeshatiwa programu hasidi, vingine kabla hata havijanunuliwa; na hata kilicho salama, kama hakina idhini ya Netflix, aghalabu hakitaonyesha picha safi.

Baada ya kuwasha, chagua mtandao wa nyumba, andika nywila, na uhakikishe tarehe na saa ni sahihi, kwa sababu televisheni yenye tarehe ya uongo hukataliwa na huduma hizi ingawa intaneti ipo. Sasisha programu zake, kisha fungua YouTube au Netflix. Usihangaike kuandika barua pepe na nywila kwa rimoti: chagua kuingia kwa kutumia simu, na kioo kitakuonyesha msimbo wa kuchanganua kwa kamera au namba ya kuandika kwenye tovuti itakayotajwa. YouTube haina malipo. Netflix hulipiwa kwa kadi ya benki, au kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa na baadhi ya huduma za fedha za simu.

Kwa anayenunua bando, hapa ndipo penye gharama kubwa. Netflix katika kiwango cha juu cha matumizi ya data hutumia hadi gigabaiti 3 kwa saa kwa picha ya HD. Saa mbili kila usiku ni gigabaiti 180 kwa mwezi. Kiwango cha kati hutumia hadi 0.7 kwa saa, yaani 42 kwa mwezi, na cha chini hadi 0.3. Kiwango hicho hupangwa kwenye tovuti ya Netflix, ndani ya mipangilio ya kila wasifu (profile) wa mtazamaji, kwa hiyo usikitafute kwenye rimoti. Hapo hapo wafungulie watoto wasifu wao, na wasifu wa wakubwa uufunge kwa namba ya siri.

Mwisho ni umeme. Unguja na Pemba hupata umeme kutoka Bara kwa nyaya za baharini, na unapokatika hurudi wakati mwingine kwa nguvu isiyo sawa, hivyo chomeka televisheni na ruta kwenye kifaa cha kulinda umeme. Umeme ukirudi, washa ruta kwanza, subiri taa yake ya intaneti itulie, ndipo uwashe televisheni.