Barua ya ukaguzi wa kodi ikifika ofisini: namna ya kuipokea, kuijibu na kuweka pingamizi

Barua ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, ikiingia ofisini, kabla hata hujaisoma, andika juu yake tarehe uliyoipokea na jina la aliyeipokea. Kuna kampuni niliyowahi kuisaidia ambayo hati yake ya makadirio, yaani barua inayotaja kodi unayodaiwa, ililala siku 19 kwenye droo ya mapokezi, chini ya daftari la wageni. Siku huanza kuhesabiwa tangu kampuni ilipopokea, hata kama mkurugenzi alikuwa safarini. Kati ya siku 30 za kuweka pingamizi, walibaki na siku 11 za kuandaa hoja za miaka mitatu, na mhasibu aliyezijua hesabu hizo alikuwa ameshaacha kazi. Angalia pia barua pepe na akaunti ya kampuni kwenye mtandao wa TRA, maana taarifa nyingi siku hizi hupitia huko.

Anayekuja ni nani

Wakurugenzi wengi husikia neno mkaguzi wakajibu, "Mbona sisi tumeshakaguliwa?" Wanamfikiria mkaguzi wa nje, yaani mhasibu aliyesajiliwa na NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu) ambaye kampuni yenyewe imemwajiri na kumlipa ili atoe maoni juu ya hesabu za mwaka. Maoni yake yanakusaidia, ila hayamfungi ofisa wa kodi. Mwingine anayetajwa sana ni CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye kazi yake ni fedha za Serikali, TRA yenyewe ikiwemo. Huyo haji kwenye ghala lako la mabati.

Mkaguzi wa kodi ni ofisa wa Mamlaka ya Mapato Tanzania, anayefanya kazi kwa niaba ya Kamishna Mkuu chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Kampuni kubwa hukaguliwa na Idara ya Walipakodi Wakubwa, nyingine na ofisi ya mkoa wa kodi ilikosajiliwa. Wapo pia wapelelezi wa kodi, wanaoshughulika na tuhuma za udanganyifu. Wakija hao, mpigie mwanasheria kabla ya mhasibu. Kwa walioko Zanzibar, kodi ya mapato ni ya TRA, lakini VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya huko ni ya ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, kwa hiyo soma vizuri kichwa cha barua.

Kabla ya kikao cha kwanza

Barua huonyesha TIN (namba yako ya mlipakodi), miaka inayokaguliwa, aina za kodi na orodha ya nyaraka zinazotakiwa. Hakikisha TIN ni yako na miaka ni ile ambayo una kumbukumbu zake. Sheria inakutaka uzitunze kwa miaka mitano, hivyo "zililoa mvua ya masika" si jibu. Kama muda uliopewa hautoshi, omba kwa barua uongezewe, utaje nyaraka zipi zipo tayari na zipi bado. Ukikaa kimya, ofisa anaweza kukukadiria kwa taarifa alizonazo kutoka benki, forodha na kwa wateja wako.

Teua mtu mmoja wa kujibu maswali. Ofisa akimuuliza muuza duka, mtunza stoku na binamu ya mkurugenzi swali lilelile, atapata majibu matatu, na yote matatu ataandika. Wakifika, omba waonyeshe vitambulisho. Ni haki yako na hawachukii. Kila nyaraka inayotoka iandikwe kwenye orodha ya makabidhiano, pande zote mbili zisaini.

Wanachotafuta

Hapa ndipo pesa ilipo, kwa hiyo nikae kidogo. Kazi kubwa ya mkaguzi ni kulinganisha namba zako zenyewe: mauzo ya kwenye ritani (fomu za matamko ya kodi) za VAT kwa mauzo ya kwenye ritani ya kodi ya mapato, mishahara ya kwenye hesabu kwa ile uliyotolea PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara), pesa zilizoingia benki kwa mauzo uliyotangaza. Tofauti yoyote ataihesabu kuwa ni kodi uliyoficha mpaka umwonyeshe vinginevyo, na jukumu la kuthibitisha ni lako.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi. Ritani 12 za VAT zinaonyesha mauzo ya shilingi milioni 480, hesabu za mwaka zinaonyesha milioni 452. Kuna pengo la milioni 28. Ukikaa na leja jioni moja unakuta milioni 15 ni bei ya pikapu kuukuu iliyouzwa: ilitozwa VAT, lakini kihesabu ni mali iliyotoka, haihesabiki kuwa mauzo ya nondo na saruji. Milioni 9 ni malipo ya awali ya mteja aliyechukua mzigo mwaka uliofuata. Milioni 4 zilizobaki ni ankara iliyofutwa kwa mdomo, bila kredit noti, yaani hati ya kuipunguza au kuifuta. Hizo mbili za kwanza utazitetea ukiwa na mkataba wa mauzo na hati ya kutolea mzigo. Ya tatu, kusema kweli, ni ngumu. Andaa jedwali hilo kabla ofisa hajaliomba. Ukimkabidhi siku ya kwanza, kikao huchukua sura nyingine kabisa.

Maeneo mengine yanayoumiza ni ya kawaida mno. Gharama zisizo na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti) hukataliwa. Pango: ulitakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kabla ya kumlipa mwenye nyumba, na asilimia 5 kwa mshauri au fundi mtaalamu mkazi; kama hukukata, deni linageuka lako. Na pesa ambazo mkurugenzi "aliikopesha" kampuni, zikaingia benki bila karatasi yoyote, zitaonekana kuwa mauzo.

Matokeo ya awali

Ukaguzi ukiisha huja barua ya matokeo ya awali. Wengi huipuuza wakisubiri hati yenyewe ya makadirio, na kwangu hilo ndilo kosa la gharama kuliko yote, kwa sababu hoja ikiondolewa hapa haidaiwi chochote wala haihitaji amana, yaani pesa unayolipa ili pingamizi lipokelewe. Jibu kila kipengele kwa namba yake, unachokubali ukikubali, unachokataa ukiambatisha ushahidi. Omba kikao cha kufunga ukaguzi na mhakikishe mmeandika muhtasari wake.

Kuweka pingamizi

Makadirio yakitoka na huridhiki, una siku 30 tangu kuyapokea kuweka pingamizi kwa Kamishna Mkuu. Pingamizi huwa la maandishi na lina sababu. "Kodi hii ni kubwa, itaua biashara yetu" ni malalamiko tu. Sababu inasomeka hivi: "Tunapinga shilingi milioni 15 zilizoongezwa kwenye mauzo kwa kuwa ni bei ya gari lililouzwa, angalia mkataba, kielelezo C." Ukiona hutawahi, kwa mfano kwa ugonjwa au kuwa nje ya nchi, omba kuongezewa muda kabla siku hizo hazijaisha.

Kisha amana. Pingamizi halipokelewi mpaka ulipe sehemu ya kodi ambayo hubishani nayo au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, ile iliyo kubwa zaidi. Tuseme umekadiriwa milioni 90. Ukikubali milioni 20 tu, utalipa milioni 30, maana theluthi ndiyo kubwa. Ukikubali milioni 45, utalipa 45. Kama hali ya kampuni hairuhusu, mwombe Kamishna Mkuu akupunguzie au akusamehe amana, ukiambatisha stetimenti za benki na sababu za msingi. Ombi hilo lipeleke wiki ya kwanza. Usilitegemee: bila amana na bila msamaha, makadirio yanasimama kama yalivyo.

Pingamizi likipokelewa, TRA hulipitia, na kama hawakubaliani nawe wanakuandikia mapendekezo yao pamoja na sababu. Unapewa siku 30 nyingine za kuyajibu kabla ya uamuzi wa mwisho. Uamuzi unatakiwa utoke ndani ya miezi sita. Ukipita muda huo kimya, makadirio huhesabiwa kuwa yamethibitishwa, nawe unaruhusiwa kukata rufani. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda, kwa kuwa hakuna atakayekukumbusha.

Ukishindwa TRA

Ngazi inayofuata ni Bodi ya Rufani za Kodi, ambayo haimo ndani ya TRA. Unatoa notisi ya kusudio la kukata rufani ndani ya siku 30 tangu kupokea uamuzi, na rufani yenyewe ndani ya siku 45 tangu siku hiyohiyo, si baada ya notisi. Watu huzijumlisha wakapata 75, wakafungiwa mlango. Juu ya Bodi lipo Baraza la Rufani za Kodi, halafu Mahakama ya Rufani, ambako husikilizwa hoja za kisheria tu. Ndiyo maana kredit noti iliyosahaulika haifai kusubiri mpaka huko: kile ambacho hukumpa mkaguzi, ukikileta kwenye rufani utaulizwa kilikuwa wapi.

Kama tatizo ni namna ulivyotendewa, mfano ofisa kukaa na nyaraka zako asizirudishe, kuna msuluhishi wa malalamiko ya kodi anayepokea mambo ya aina hiyo. Kumwandikia hakusimamishi zile siku 30.