Ukiandika mpango wa barabara ya Horohoro, anza na machungwa

Vijana wa mipango huja kwangu hapa Ngamiani, Tanga, na maandiko yao ya barabara za mpakani, kama hii ya Horohoro inayoingia Kenya, niyapitie kabla hayajaenda juu. Ramani nzuri, rangi tele. Swali langu la kwanza: magari mmeyahesabu lini?

Msihesabu wiki moja ya Februari mkaifanya mwaka mzima. Machungwa ya Muheza yakiiva, malori yanayokwenda Kenya si yale ya siku zote. Hesabuni siku saba mfululizo, usiku nao, kisha mrudie msimu wa machungwa. Bodaboda waandikeni, na akina mama wenye matenga. Wengine hawapiti kituoni kabisa, wanapita njia za panya. Kaeni nao, bila sare, muwaulize kwa nini. Mzigo wa bidhaa za Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000 una cheti chake rahisi cha uasili, cha kuonyesha zilikotoka ili zisitozwe ushuru wa forodha. Kama mama hakijui, au dawati la kukitolea halina mtu, lami yenu haitambadilishia njia. Hilo nalo liwekeeni fungu.

Sasa hela. Mfadhili mmoja wa kubeba kila kitu msimngoje. Barabara ya Bagamoyo–Horohoro/Lunga Lunga–Malindi ilipata mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika mwishoni mwa 2019, takriban euro milioni 345 za awamu ya kwanza: kwetu Tanzania Mkange–Pangani–Tanga, kilomita kama 121, kwa wenzetu Kenya Mombasa–Kilifi. Umoja wa Ulaya ukawapa Kenya ruzuku ya euro milioni 30. Tanga–Horohoro, kilomita 65, ilikwishajengwa zamani kwa msaada wa MCC, shirika la misaada la serikali ya Marekani. Kila kipande na mkoba wake. Kila serikali itasaini deni lake. Nyinyi andikeni mpango mmoja, wenye upana mmoja na ratiba moja, la sivyo daraja litakamilika huku ng'ambo wakiwa bado wanapima.

Fidia ndiyo inayochelewesha miradi kuliko zege. Iwekeni kwenye bajeti ya serikali kabla zabuni haijatangazwa. Kanuni zetu za fidia ya ardhi za 2001 zinampa anayehamishwa posho ya makazi kwa kodi ya miezi 36, pamoja na usumbufu na usafiri, na malipo yakipita miezi sita yanaanza kuzaa riba. Benki kubwa hutaka zaidi: gharama ya kujenga upya, bila kukata uchakavu. Tofauti hiyo ataibeba nani? Andikeni jina la fungu.

Mafuriko pia. Mto Umba unaanzia Usambara na kumwaga Vanga, Kenya. Takwimu za mvua na kina cha maji ziombwe pande zote mbili kabla hamjachagua ukubwa wa kalvati.

Na mizani, jamani. Uzito wa juu wa lori katika Jumuiya ni tani 56, lakini kinachoua lami ni uzito wa kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu: ukizidi kwa asilimia 20, madhara yanakaribia kuwa mara mbili. Barabara iliyosanifiwa kwa miaka 20 italika mapema mno, na deni litabaki linalipwa juu ya mashimo. Kwa hiyo gharama za mizani na matengenezo zipewe ukurasa wake, mwaka kwa mwaka, mkionyesha kiasi kitakachotoka Mfuko wa Barabara, unaojazwa hasa na tozo ya mafuta. Ukurasa huo upelekeni Mfuko kwanza. Wakiukataa, fupisheni barabara.