SOMO: Kuiandaa Sabato nyumbani, kuanzia Alhamisi mpaka nyota tatu

Shalom na habari zenu. Wengi mmeniuliza jinsi nyumba ya Kiyahudi inavyoishika Sabato, siyo kwenye vitabu bali jikoni na mezani. Mimi ni mzaliwa wa Busia, upande wa Kenya, nikaolewa Mbale, Uganda, kwa Abayudaya, yaani Wayahudi walioanza na Semei Kakungulu mwaka 1919. Ninayoyaandika hapa nilifundishwa na mama mkwe wangu, tukiwa tumeinama juu ya jiko la mkaa.

Kwanza tuelewane kuhusu saa. Sabato huingia Ijumaa jua likizama. Sisi tunaozungumza Kiswahili hatuna shida ya kulielewa hilo, maana saa moja ya usiku kwetu ndiyo saa ya kwanza, kama Mwanzo inavyosema, "Ikawa jioni ikawa asubuhi." Kinachotuchanganya ni majina ya siku. Sisi tunaanza hesabu na Jumamosi. Kiebrania kinaanza na Jumapili, siku ya kwanza, kinaendelea mpaka Ijumaa, siku ya sita, na ya saba hakiiiti kwa namba. Hiyo ina jina lake.

Hatua ya 1: Alhamisi, chambua na kuna

Wahenga wetu waliorodhesha kazi 39 zinazoachwa siku ya Sabato. Wengi wakisikia "kazi" hufikiria jembe na ofisi. Lakini kutoa mawe kwenye mchele ni kazi, na kukuna nazi ni kazi. Kwa hiyo Alhamisi jioni ungo uko mapajani na mbuzi iko chini: mchele unachambuliwa, maharage yanachambuliwa, nazi inakunwa na tui linakamuliwa.

Mwaka wangu wa kwanza niliacha sufuria moja ya mchele nikisema nitaumalizia Ijumaa. Ijumaa ikanizidi, giza likaingia mchele ukiwa na mawe yake. Nikashika ungo. Mama mkwe akaniwekea mkono begani, akasema, "Mwanangu, kisichoisha kimeisha." Tulikula mkate na maharage, na mchele ule ukakaa pale pale mpaka Jumapili. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba Sabato hutengenezwa kabla haijaingia. Ikishaingia, unaipokea jinsi ulivyoiandaa.

Hatua ya 2: Ijumaa asubuhi, mkate

Tunaoka mikate miwili ya kusukwa, inaitwa hala. Ni miwili kwa sababu jangwani mana ilishuka maradufu siku ya sita. Kama utakula na nyama, usitie maziwa wala siagi; tia mafuta na mayai.

Ukikanda pakiti nzima ya kilo 2, kabla ya kusuka unasema baraka, unamega kidonge kidogo cha unga uliokandwa na kukichoma pembeni. Ni ukumbusho wa fungu la makuhani wa zamani. Kisha gawanya unga uliobaki, viringisha kamba tatu tatu, ubane juu na usuke kama unavyosuka nywele za mtoto, bila kukaza sana, maana utaumuka.

Hatua ya 3: Jiko

Hapa ndipo penye mambo. Sabato hatuwashi moto, hatuzimi, hatupiki. Lakini chakula cha moto Jumamosi mchana ni heshima ya siku, kwa hiyo tunapika chungu kimoja cha usiku kucha: maharage, viazi, nyama ya kosher (yaani inayoruhusiwa na sheria ya Kiyahudi), vitunguu. Kiive kabisa kabla ya jua kuzama. Halafu chukua majivu, uyatandaze juu ya makaa mpaka wekundu usionekane, ndipo urudishe chungu.

Majivu hayo siyo ya kupunguza moto tu. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokusanywa takriban miaka 1,800 iliyopita, inataja kabisa makaa yafunikwe majivu, na walimu wakaeleza: mtu asije akajisahau akachochea. Nilipoambiwa hivyo nilishangaa, maana bibi yangu Busia alifukia moto vile vile kila usiku, kwa sababu zake.

Wenye umeme: taa unazozitaka ziwashe mapema, legeza balbu ya ndani ya friji, zima simu na kuiweka kabatini.

Hatua ya 4: Mishumaa

Inawashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama. Hapa kwetu karibu na ikweta saa haihamihami sana. Angalau miwili: mmoja kwa "Ikumbuke" ya Kutoka 20, mmoja kwa "Ishike" ya Kumbukumbu la Torati 5. Mama wa nyumba anawasha, anazungusha mikono mara tatu kama anayevuta nuru kwake, anafunika macho, ndipo anasema baraka. Kwa kawaida baraka hutangulia tendo. Hapa inafuata, maana ukishaisema umeipokea Sabato, na huwezi tena kuwasha.

Hatua ya 5: Mezani

Wazazi wanawabariki watoto, kidushi, yaani baraka ya kuitakasa Sabato, inasomwa juu ya kikombe cha divai, mikono inanawishwa kwa kikombe, na kimya mpaka mkate uliochovywa chumvi ufike mdomoni. Kama divai ya kosher haipatikani, kidushi ya usiku husomwa juu ya mikate yenyewe.

Jumamosi ni sala, Torati, chungu, usingizi, kutembeleana kwa miguu.

Hatua ya 6: Nyota tatu

Zikionekana nyota tatu, tunaiaga kwa havdala: divai, mshumaa wa nyuzi zaidi ya moja, na kitu cha kunukia. Sisi tunatumia karafuu. Kikopo kinapita mkono kwa mkono, kila mtu ananusa, ili roho ijifariji Sabato inapoondoka. Kisha mshumaa unazimwa ndani ya divai.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tanga): Shikamoo mama. Kuku wa nazi anaruhusiwa? Nasikia hamchanganyi nyama na maziwa.

Jibu: Marahaba mwanangu. Tui ni la mti, siyo la mnyama, kwa hiyo kuku aliyechinjwa kikosher anafaa. Ila ni desturi kuweka kipande cha nazi kando ya sahani, anayetazama asidhani ni maziwa. Samaki awe na mapezi na magamba: changu sawa, pweza na kambare hapana.

Swali (Bukoba): Mtoto akizidiwa usiku wa Sabato?

Jibu: Piga simu, washa gari, nenda. Hatari ya uhai inaondoa Sabato, na anayefanya haraka ndiye anayesifiwa. Usisimame kumuuliza rabi.

Swali (Arusha): Babu yangu alipigana vita vya Kagera. Ni kweli Amin aliwazuia?

Jibu: Ni kweli. Alipiga marufuku dini yetu, wengi wakaiacha, wachache wakasali kwa kujificha. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na jioni hiyo hiyo Pasaka ya Kiyahudi ikaingia, sikukuu ya kutoka utumwani. Msalimie sana babu.

Swali (Mombasa): Dada, mimi ni Mwislamu, nimealikwa na jirani Ijumaa usiku. Nibebe nini?

Jibu: Usibebe chakula ulichopika, jiko lao lina masharti yake. Peleka matunda mazima, yafike kabla jua halijazama. Simu iache mfukoni. Na ukienda chooni ukakuta taa inawaka, ukitoka usiizime. Wakikaa gizani, hakuna wa kuiwasha mpaka kesho usiku.