Tamko la usalama kwa shehena iendayo Ulaya: mambo ya kuzingatia kabla ya kupakia

Wafanyabiashara wengi wanaosafirisha parachichi au kahawa kupitia Mombasa na Dar es Salaam hudhani kwamba forodha ya Ulaya huanza kuuliza maswali kontena linapofika Rotterdam au Antwerp. Sivyo. Mfumo wa Umoja wa Ulaya uitwao ICS2, ulioanza kuhusisha shehena za baharini tarehe 3 Juni 2024, unadai tamko la usalama kwa kila kontena la safari ndefu saa 24 kabla halijapakiwa kwenye meli itakayoliingiza Ulaya. Ikiwa kontena litahamishiwa meli nyingine njiani, kwa mfano katika bandari ya Salalah, Oman, sheria huhesabu muda kwa meli hiyo ya pili. Hata hivyo, kampuni za meli hujiwekea ukomo wa mapema zaidi wa kupokea taarifa, na ukomo huo ndio wa kufuatwa.

Tamko hili halihusiani na malipo ya ushuru, wala halichukui nafasi ya cheti cha afya ya mimea. Kazi yake ni kutambua mzigo wa hatari kabla haujapanda chombo. Msukumo mkubwa ulitokana na tukio la Oktoba 2010, pale vilipuzi vilivyofichwa ndani ya printa na kutumwa kutoka Yemen kwenda Marekani viliponaswa Dubai na katika uwanja wa ndege wa East Midlands, Uingereza.

Anayewasilisha tamko kwa kawaida ni kampuni ya meli au wakala aliyetoa hati ya shehena, lakini taarifa zinatoka kwa muuzaji, na hapo ndipo mambo huharibika. Maelezo ya bidhaa yanapaswa kumwezesha ofisa ambaye hatauona mzigo kujua kilichomo. Maneno kama “mazao ya kilimo”, “vyakula” au “bidhaa mchanganyiko” hayakubaliki, ilhali “parachichi mbichi” au “kahawa isiyokaangwa” yanatosha. Maelezo hayo huambatana na namba ya HS, yaani namba ya kimataifa ya kuainisha bidhaa, yenye tarakimu sita: 080440 kwa parachichi, 090111 kwa kahawa isiyokaangwa ambayo haijaondolewa kafeini. Ni busara kuandika maneno hayo hayo kwenye ankara, kwenye orodha ya vifungashio na kwenye maelekezo ya hati ya shehena, kwa sababu karani anayekuta majina matatu ya bidhaa moja atachagua analolitaka yeye.

Uzito nao unahitaji uangalifu. Uzito unaotangazwa ni wa bidhaa pamoja na vifungashio vyake, bila kontena lenyewe. Uzito uliothibitishwa ambao kampuni za meli zimekuwa zikiudai tangu Julai 2016 unajumuisha kontena. Karatasi hizi mbili hukaa katika faili moja na ni rahisi mno kunakili tarakimu ya moja kwenye nafasi ya nyingine. Namba ya kontena, yaani herufi nne zikifuatiwa na tarakimu saba, inakiliwe kutoka mlangoni mwa kontena badala ya kutegemea ujumbe wa simu. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, hivyo mfumo unaweza kugundua iliyokosewa. Namba ya lakiri isomwe hapo hapo.

Mnunuzi aombwe mapema namba yake ya EORI, yaani namba ya utambulisho wa mfanyabiashara kwa forodha ya Ulaya, inayoanza na herufi mbili za nchi kama NL au DE, pamoja na jina na anwani kamili ya mtaa. Katika kontena la mizigo ya watu wengi, kuandika majina ya mawakala wa pande mbili hakutoshi, kwani kila mzigo hutakiwa kuonyesha mtumaji na mpokeaji wake halisi. Kabla ya kuingiza mzigo wako humo, muulize wakala jinsi anavyokusanya taarifa za wenzako, maana mzigo mmoja ukitiliwa shaka, yenu yote inasubiri.

Maua yanayoruka kutoka Nairobi kwenda Amsterdam yana utaratibu wake: taarifa za msingi hutumwa kabla ya kupakia ndege, na tamko kamili hukamilishwa angalau saa nne kabla ya kutua.

Baada ya tamko kupokelewa, forodha inaweza kuomba ufafanuzi, kuagiza mzigo uchunguzwe, au, kukiwa na tishio kubwa, kuzuia usipakiwe kabisa. Maombi ya ufafanuzi ndiyo yanayomhusu muuzaji zaidi, kwa hiyo wakala apewe namba ya mtu mwenye nyaraka mkononi, anayepokea simu hata Jumapili.

Shehena itakayoshushwa Rotterdam kisha ivushwe kwa lori hadi Uingereza haimalizani na mfumo wa Ulaya pekee. Tangu tarehe 31 Januari 2025, Uingereza inadai taarifa za usalama pia kwa mizigo inayotoka Umoja wa Ulaya, na mwenye lori atazitaka kwako au kwa mnunuzi kabla hajafika bandarini.